TAHADHARI: Vyuo vya masaji unalipa ada halafu unafanyishwa kazi bure, mabinti wanalizwa hapa Dar

Wakuu habari zenu. Naona yale matangazo yamerudi tena kwa kasi Insta na kwenye magrupu ya WhatsApp, "Jifunze masaji wiki 3 tu, cheti cha kimataifa, ajira uhakika Zanzibar na Dubai, zimebaki nafasi 5", na hizo nafasi 5 zimebaki tangu mwaka jana wala haziishi. Jina la chuo sitaji, hata nikitaja halisaidii maana komenti za malalamiko zikizidi wanafunga peji wanafungua nyingine kwa jina jipya. We shika mchezo wao tu, jina achana nalo.

Aliyepitia ni mpwa wangu, binti wa dada, kamaliza form four akawa anataka ujuzi wa haraka. Fomu elfu 20, ada laki nne na nusu, hela inatumwa kwa simu na jina linalotokea ni la mtu binafsi siyo la chuo, ukiuliza unaambiwa huyo ndo mhasibu wetu. Ukishalipa ndo unaambiwa kuna seti ya vifaa vya mafunzo, yaani sare, taulo mbili na mafuta, na lazima ununue kwao kwa bei yao, mafuta yenyewe ukienda Kariakoo unayapata kwa nusu ya hiyo bei.

Wiki ya kwanza darasa ni sebule, wanawashiwa tivii wanaangalia video za YouTube na wanapewa karatasi za kutoa kopi. Wiki ya pili wanaambiwa sasa tunaingia kwa vitendo, wanapelekwa spa ambayo ni ya huyo huyo mwenye chuo, na hapo ndo biashara yenyewe ilipo jamani. Mteja analipa elfu 50 kwa saa kaunta, anayemhudumia ni mwanafunzi, mwanafunzi halipwi hata nauli na tipu akipewa inaingia kwenye boksi la ofisi. Piga hesabu mwenyewe, mabinti 6, kila mmoja wateja 3 kwa siku, hiyo ni laki 9 kwa siku na hakuna mshahara hata wa mtu mmoja! Ndo maana wiki 3 zinageuka miezi, leo unaambiwa mkono wako bado mzito, kesho mtahini hajafika, keshokutwa kuna hela ya kuchapa cheti, na ukichoka ukaondoka poa tu kwao kwa sababu mwezi ujao linaingia kundi jipya ambalo nalo limelipa ada. Kwa mtazamo wangu hicho siyo chuo kibovu, ni spa iliyogundua namna ya kulipwa na wafanyakazi wake.

Sasa dada alivyoenda kuuliza usajili wakamtolea makaratasi mengi, ya BRELA (wanaosajili biashara na kampuni), TIN (namba ya mlipa kodi), leseni ya biashara, yote yana mihuri na yote ni ya kweli, na mtu asiyejua anaridhika hapo. Lakini BRELA inasema tu jina la biashara au kampuni ipo, haisemi kwamba unaruhusiwa kufundisha. Vyuo vya ufundi na ufundi stadi vinasajiliwa na NACTVET, baraza la serikali la elimu ya ufundi, ile iliyokuwa inaitwa NACTE, kwa hiyo omba namba ya usajili ya huko halafu usiishie kuiangalia ukutani, wapigie NACTVET wenyewe uwaulize vitu viwili, chuo hiki mnakitambua, na hii kozi ya masaji au urembo wameruhusiwa kuitoa. Maana kuna wengine wamesajiliwa kweli, ila kwa ushonaji au kompyuta, masaji wameibandika tu juu. Kwa walio Kenya mamlaka ni TVETA, na huko nako ulizia chuo, kozi na hata mwalimu kama ana kibali.

Hicho cheti cha kimataifa sasa. Wanabandika nembo za CIDESCO au ITEC chini ya tangazo ionekane ni kitu cha Ulaya. Hayo ni majina halisi ya mashirika ya nje yanayotoa mitihani ya urembo na masaji, CIDESCO ilianzishwa 1946 na makao yake yapo Zurich, Uswisi, na vyuo wanavyovitambua unaweza kuvitafuta kwenye tovuti yao, dakika mbili tu. Mtihani wao haufanywi kwa kuangalia video sebuleni. Kwa kulinganisha tu, jimbo la New York huko Marekani halikupi leseni ya masaji mpaka uwe na masaa 1,000 ya masomo, na hizi wiki 3 za masaa manne kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, ni masaa 60. Sisemi kila mtu asome masaa elfu, hapa kwetu hiyo siyo sheria, ila 60 na neno kimataifa havikai pamoja.

Na kibaya kuliko hela ni kwamba hawafundishi hatari. Mpwa wangu alipewa mama mmoja mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye msuli wa nyuma, akaambiwa kandamiza hapo damu itembee. Bahati yake yule mama alikataa mwenyewe kwa maumivu. Mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, ukiukandamiza kipande kinaweza kuchomoka kikaenda mpaka kwenye mapafu, mtu anakufa, huyo ni wa kumwambia aende hospitali na siyo kumpaka mafuta. Sa ukienda kutembelea chuo muulize mwalimu swali moja tu, ni watu gani mnawakataa kwenye kitanda? Mwalimu anayejua atakutajia bila kufikiri, mwenye homa, mwenye maambukizi ya ngozi, presha isiyodhibitiwa, mjamzito mpaka kwa tahadhari maalum, na atakuambia sehemu za kutobonyeza kwa nguvu kama mbele ya shingo na nyuma ya goti. Akikujibu sisi tunahudumia wateja wote, chukua mkoba wako.

Kuna na hili wengi wanaona aibu kulisema. Mteja akianza kudai vitu vingine, binti afanye nini? Chuo cha maana kinafundisha kumfunika mteja kwa taulo na kuachia wazi sehemu unayoifanyia kazi tu, na kinafundisha kusimamisha huduma na kutoka chumbani. Cha mpwa wangu kilikuwa kinawaambia mteja ni mfalme, jiongezeni. Mzazi hapo sihitaji kukufafanulia.

Ajira ya Dubai ndo usiiguse kabisa. Wanataka tena laki kadhaa za viza, na viza yenyewe ni ya matembezi ambayo haikuruhusu kufanya kazi. Wakala wa kupeleka watu nje anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi, unaweza kuulizia kupitia TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, na mwenye chuo cha sebuleni hana. Zanzibar nako hoteli nzuri hazihangaiki na cheti chako cha rangi ya dhahabu, meneja wa spa analala mwenyewe kitandani anakwambia nifanyie nusu saa, dakika ya tano ameshajua kama ulifundishwa au ulitumikishwa.

Ambao mmeshalipa msifute meseji za muamala wala voisi noti zao, na kama ulifanya kazi pale tafuta mwenzako mliyekuwa naye zamu moja awe shahidi. Dada alienda kituo cha polisi peke yake akaambiwa haya ni madai siyo jinai, nendeni mkaelewane. Kwa hiyo kama umepigwa kwa mtindo huu huu hapa Dar na una muamala wenye jina la "mhasibu", njoo inboksi, mpaka sasa tumefika wanne na tunataka twende pamoja.