Plagi ya CG125 hapa Pemba: nimebaki na D8EA

Chombo changu ni pikipiki ya Honda CG125, na kazi yake kubwa ni Mkoani kwenda Chake, mara nyingi na gunia nyuma. Nimeshakitia plagi (ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli) za namna nyingi. Siku hizi nnaponunua nataka NGK D8EA ya kawaida tu.

Ukifika dukani usiseme "nipe plagi ya pikipiki", maana utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Taja maandishi yake. D ni upana wa meno, milimita 12, na E ni urefu wa meno, milimita 19. Hapo hapana mjadala. Skuta nyingi za Kichina zinatumia C7HSA, yenye meno ya milimita 10 na urefu wa 12.7, kwa hiyo ya jirani si lazima ikufae. Plagi fupi huacha masizi yakijaa kwenye meno ya silinda hedi. Ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni, na hapo ndipo utakapojua bei ya pistoni.

Ubishi uko kwenye ile 8, yaani kiwango cha joto. Kijiweni utaambiwa Pemba milima mitupu, tia 9. Kwa NGK nambari ikipanda plagi ni ya baridi zaidi (Bosch ni kinyume chake, angalieni hapo). Plagi inahitaji kufika kama nyuzi 450 za Selsiasi ili ichome masizi yake yenyewe. Mwenzangu aliyetia 9 anakwenda sokoni na msikitini tu, joto hilo halifiki. Plagi yake ikawa nyeusi tii, na kila asubuhi anapiga kiki mpaka jasho linamtoka. Yangu nikiifungua ncha ina rangi ya kahawia iliyopauka, na milima naipanda na mzigo vilevile.

Nimetumia pia ya iridiamu, DR8EIX. Hiyo R ni rezista ya ndani inayopunguza mikwaruzo kwenye redio. Inawaka vizuri, sikatai, lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kawaida na kwenye mafuta sikuona tofauti. Kwa injini ya kabureta kama hii, pesa hiyo afadhali ununulie oili.

Kinachoudhi ni feki. Duka moja nililolizoea liliniuzia iliyoandikwa vizuri kabisa, na kilima cha kwanza tu ikaanza kumisi, yaani cheche inakatika-katika. Sasa kabla sijalipa naishika washa, ile ringi ya chuma kwenye meno: ya kweli imebanwa, haidondoki. Natazama pia ncha ya kati, kama imekaa sawa chini ya ile iliyopinda.

Kufunga, injini iwe imepoa. Pima gepu, yaani nafasi kati ya ncha hizo mbili, kwa fila geji (vibati vya kupimia): milimita 0.6 hadi 0.7. Zungusha kwa vidole mpaka ikae, halafu spana nusu mzunguko kama ni mpya. Mafundi wengine wanakaza kama nati ya gurudumu, na meno ya alumini ya silinda hedi hayavumilii hilo.

Na sisi tunaolaza vyombo karibu na pwani, chumvi huingia ndani ya kofia ya plagi ikala shaba. Ikiwa plagi ni mpya na masika bado inamisi, fungua kofia na utazame waya kabla hujarudi dukani.