Tamthilia ya Nick Joaquin: Ukoloni Sebuleni mwa Akina Marasigan

Tamthilia ya A Portrait of the Artist as Filipino, ambayo Nick Joaquin wa Ufilipino aliiandika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, imewekwa mwishoni mwa mkusanyiko wa kazi zake uliotolewa na Penguin Classics mwaka 2017, na hata kama hadithi zote zinazoitangulia zingeondolewa, ningekinunua kitabu hicho kwa ajili yake.

Mambo yanatokea Oktoba 1941 katika nyumba kongwe ya Intramuros, mji wa kale wa Manila ambao Wahispania waliuzungushia kuta. Don Lorenzo Marasigan, mchoraji mashuhuri, amejitenga chumbani, na binti zake wawili wasioolewa, Candida na Paula, wanaishi kwa fedha za kaka na dada yao, ambao wamechoka kulipa na wanataka nyumba iuzwe. Sebuleni kuna mchoro wake wa mwisho, unaoonyesha kijana aliyembeba mzee mgongoni wakiukimbia mji unaoteketea, kama Aeneas, shujaa wa hekaya za kale, na baba yake walipotoka mji wa Troy, ila nyuso zote mbili ni za Don Lorenzo mwenyewe. Mchoro huo hauonekani kamwe, kwa kuwa unachukuliwa kuwa umetundikwa upande wa watazamaji, na kila mhusika anayeutazama huwa anatukodolea macho sisi.

Hispania iliitawala Ufilipino kwa zaidi ya miaka 300, kisha mwaka 1898 ikaikabidhi Marekani kwa dola milioni 20. Joaquin hahubiri historia hiyo. Anaigawa kwa vizazi. Baba alilelewa katika Kihispania, ilhali mpangaji wao, Tony Javier, anapiga piano katika maonyesho ya burudani ya mtindo wa Kimarekani, na ndiye anayewasihi mabinti wamuuzie Mmarekani mchoro huo. Isitoshe, mwandishi anaomboleza ustaarabu wa Kihispania kwa Kiingereza, lugha iliyouondoa, na sidhani kwamba hakuiona kejeli hiyo.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni ndogo sana. Taa zinazimika usiku, na akina dada, ambao bili ya umeme imekuwa ikiwakosesha usingizi, wanaamini kwamba wamekatiwa, wanashikwa na fedheha mbele ya majirani, kisha wanaambiwa kwamba jiji zima liko gizani kwa mazoezi ya kujikinga na mashambulizi ya ndege. Hapo aibu ya nyumba moja na vita vya mataifa vinakutana bila hotuba yoyote. Don Perico, mshairi wa zamani aliyegeuka seneta, naye ameandikwa kwa ustadi: anafika akiwa na ushauri wa kiserikali, anasimama mbele ya mchoro, na kinachofuata ni ungamo la mtu aliyeiuza kalamu yake.

Dosari kubwa ya tamthilia hii ni kwamba Hispania inatoka ikiwa imepambwa mno. Mkulima aliyelima mashamba ya mapadri na kufanyishwa kazi ya shokoa hana nafasi katika sebule hii, na vita vya Wafilipino dhidi ya Wamarekani, vilivyoanza mwaka 1899, havikupewa uzito vinavyostahili. Msimulizi, Bitoy Camacho, anayezungumza kutoka katika magofu ya Intramuros iliyobomolewa mwaka 1945, anaizidisha huzuni hiyo mpaka msomaji anasahau kuuliza ni nani aliyegharimia uzuri unaoombolezwa.

Kwa vikundi vya maigizo, kazi hii ina faida ya kuhitaji mandhari moja tu, na mwaka 1955 ilionyeshwa katika magofu yaleyale ya Intramuros. Hata hivyo ni ndefu, na mazungumzo ya wageni wa sebuleni yanaweza kupunguzwa bila hasara. Maneno ya Candida na Paula yasiguswe.