Kisu cha kambini kwa mwenye shoto: kipi cha kwanza, kipi cha mwisho

Kisu ni kisu, hakina kulia wala kushoto: ndivyo wauzaji wengi watakavyokujibu. Kwa kisu cha jikoni chenye mpini wa mti na makali yaliyonolewa pande zote mbili, wako sahihi. Visu vya kambini na mlimani ni habari nyingine. Vina loki ya kuzuia bapa lisijikunje, klipu ya kukibana mfukoni, ala na mahali pa kuweka kidole gumba, na mara nyingi vyote vimepangwa kwa mkono wa kulia. Mwenye shoto huligundua hilo akiwa tayari porini, anapotaka kukikunja kisu na kidole gumba kimefika upande usio na kitu.

Hapa tumevipanga kuanzia kinachomfaa zaidi mashoto hadi cha kumwachia mwenzake.

1. Kisu kisichokunjwa

Hiki ndicho cha kununua kwanza, na kwa wengi hakuna haja ya kuendelea kusoma. Hakina loki wala chemchemi, hivyo nusu ya matatizo imeondoka. Mfano mzuri usio wa bei kubwa ni Companion ya Morakniv, kampuni ya Sweden: bapa lake ni la takriban sentimita 10, mpini hauna vifinyo vya vidole vya upande mmoja, na makali yamechongwa sawasawa kulia na kushoto.

Kagua ala. Vaa mkanda, ining'inize kiunoni kushoto, kisha chomoa kisu mara tano bila kutazama. Ala ya ngozi iliyoshonwa kwa ajili ya kiuno cha kulia ukiihamishia kushoto, makali hugeuka: yaliyotazama mbele sasa yanatazama nyuma, na utalazimika kupinda kifundo cha mkono kila unapochomoa. Hapo ndipo watu hujikata, na hukata pia uzi wa ala yenyewe. Ala ya plastiki inayokubali kisu kiingie kwa pande zote mbili ndiyo unayoitafuta. Jaribu kukigeuza hapo hapo dukani, kisha pindua ala kichwa chini uitikise. Kikidondoka, rudisha.

2. Kisu cha kukunja chenye loki ya mgongoni

Loki hii iko katikati ya mgongo wa mpini, kwa hiyo haijui mkono gani umeishika: unabonyeza chini, bapa linaachia. Buck 110 ya Marekani ndiyo iliyoipa umaarufu, ila ni nzito, karibu gramu 200, na hufunguliwa kwa mikono miwili. Delica ya Spyderco ni nyepesi zaidi. Ina tundu la duara linalopenya bapa zima, kwa hiyo gumba lolote hulifungua, na klipu yake huhamishika hadi sehemu nne.

Kasoro ya loki ya mgongoni ni uchafu. Mchanga na utomvu vikijaa kwenye kijishimo chake, ulimi wa loki haukai hadi chini na bapa hucheza. Safisha kwa kijiti na maji ya uvuguvugu, kausha, tone moja la mafuta, basi.

3. Loki ya pini inayovuka mpini

Pini ya chuma inapita mpini kutoka upande hadi upande. Unaivuta nyuma kwa gumba na kidole cha shahada. Kampuni ya Benchmade huiita loki hii Axis, na watengenezaji wengine wana za kwao. Kwa urahisi wa mkono mmoja hii inaizidi namba mbili. Tumeishusha kwa sababu ya bei, na kwa sababu inategemea chemchemi mbili nyembamba za waya. Moja ikikatika, ya pili bado inabeba kazi, lakini kuibadilisha ni lazima ufungue mpini mzima, kazi ambayo hutaki kuifanya kambini jioni.

4. Opinel, toleo la shoto

Opinel namba 8 ya kawaida, kutoka Ufaransa, ina mfuo wa kuingiza ukucha unapoifungua, upande mmoja tu wa bapa. Kampuni hutengeneza pia namba 8 ya mashoto, mfuo ukiwa upande wa pili. Pete ya kuzuia bapa huzungushwa kwa mkono wowote. Ni kisu chepesi, kikali, cha bei nafuu, lakini mpini wa mti huvimba ukilowa na bapa hukwama ndani. Agiza mtandaoni kwa jina la toleo, maana dukani utapewa la kawaida.

5. Loki ya ulimi wa pembeni

Hizi zimejaa sokoni, na ndizo za mwisho kwetu. Ulimi wa bati ndani ya mpini husukumwa kando na gumba la kulia. Gumba la kushoto liko upande usiofaa, kwa hiyo mashoto huusukuma kwa ncha ya kidole cha shahada, kidole kilicho karibu kabisa na bapa linalorudi. Kama tayari unacho, kifunge kwa mikono miwili: shika mpini kwa mkono wa kulia, gumba la kulia liachie loki, kisha mkono wa kushoto usukume mgongo wa bapa. Ukisikia ulimi umeachia, ondoa gumba kabla bapa halijafika nusu ya safari.

Kwa kisu chochote cha kukunja, geuza mpini utazame matundu ya skrubu za klipu. Yakiwa upande mmoja tu, klipu haitahama, na kisu kitakaa kinyume kwenye mfuko wako wa kushoto.

Jambo moja husahaulika: meno na makali ya upande mmoja. Bapa lenye meno kwa kawaida huchongwa upande mmoja, nao upande usiochongwa ndiko kisu kinakoelekea kikizama. Mkono wa kulia huizoea hali hiyo. Wa kushoto huona mkato ukipinda bila sababu. Kata kipande chembamba cha kiazi mbichi. Kikitoka kinene chini na chembamba juu, au kinyume chake, kisu hicho kimechongwa kwa ajili ya mwingine. Mundu wa meno wa kuvunia una tatizo hilo hilo, na huwezi kuurekebisha.

Panga unaweza. Likiwa limenolewa upande mmoja, libane kwenye gogo, upite tupa upande wa pili kwa pembe ileile, ukisukuma kuelekea makali, hadi uhisi kwa kidole kijinyuzi cha chuma kinachojitokeza kwenye makali kimehamia upande wa kwanza. Kiondoe kwa kinoo kilicholowa, mara tatu au nne kila upande.