Kipimo cha mate cha bakteria wa fizi, nyota 3 kati ya 5

Kukitumia ni rahisi sana, unasukutua na yale maji yao ya chumvi alafu unatema kwenye kichupa kinaenda maabara, hakuna sindano wala maumivu. Majibu yanakuja na majina kabisa, Porphyromonas gingivalis, Treponema denticola na Tannerella forsythia, hao watatu ndo wanahusishwa sana na ugonjwa wa fizi uliokomaa, hapo nimewapenda. Ila jamani mtu anaweza kuwa nao na fizi ziko poa tu, ndo maana daktari bado lazima apime ule mfuko kati ya jino na fizi, ukifika milimita 4 kwenda juu hapo kuna kazi. Ripoti yao haisemi hivyo popote, nyota 2 nimekata hapo.