Niliuziwa filta ya draya iliyopakwa rangi: uzoefu wangu na duka moja la spea Kampala

Mwenye gari la breki za upepo, liwe lori, basi au gari-nyumba kama letu, asome hapa kabla hajaingia katikati ya Kampala kutafuta filta ya draya, ile inayokausha upepo wa breki. Jina la duka silitaji. Nina hasira nao hadi leo, na hasira yenyewe haihusu pesa.

Gari letu ni MAN kuukuu. Zamani lilikuwa lori, sasa lina vitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Mimi nimekaa miaka kwenye barabara ya Mombasa hadi Kigali, kwa hiyo habari za breki za upepo sikuzisikia kwa watu. Hewa inayotoka kwenye kompresa ni ya moto na imebeba maji, na huku kwetu karibu na Ziwa Victoria unyevu hauna msimu. Ndani ya filta ya draya mna punje nyeupe zinazofyonza maji hayo kabla upepo haujaingia kwenye matangi. Punje zikichoka, matangi yanaota kutu, valvu zinakwama, na breki zinaanza kukusumbua mahali usipopataka. Mimi nilishaanza kuona dalili: kila nikivuta kamba ya kutolea maji ya tangi asubuhi, maji yanatoka. Basi nikaenda kununua filta.

Kwanza niseme haki yao. Kijana wao aliyeifunga anaijua kazi. Aliweka kabari kwenye tairi, akamwaga upepo wa matangi yote mpaka geji zikalala sifuri, maana ukilegeza filta ikiwa bado na presha inaweza kukurukia usoni. Akafuta kitako pakawa safi, akapaka mafuta kidogo kwenye mpira, akazungusha kwa mkono hadi ikagusa, kisha akamalizia kukaza. Tukawasha injini, tukangoja upepo ujae mpaka draya ikapuliza, akapitisha povu la sabuni kila kwenye maungio. Hapakuvuja kitu. Nikampa ya soda kwa moyo mmoja.

Kitu kimoja tu nilikiuliza pale. Filta mpya ya draya hufungwa kwa nailoni au kifuniko, kwa sababu punje zake huanza kunywa unyevu mara zinapokutana na hewa. Hii ilifika kwenye gari iko uchi, nyeusi, inang'aa. Nikauliza nailoni iko wapi. Mwenye duka akasema, "Kijana ameshaitupa, ssebo." Yule kijana akanyamaza, akaendelea kufuta mikono.

Wiki kadhaa baadaye tulikuwa Ziwa Bunyonyi, mimi, mama watoto na watoto. Asubuhi ya baridi ya Kabale, nawasha, sindano za upepo zinapanda kidogo halafu zinagoma. Chini ya gari kuna mlio wa upepo unaotoka bila kukoma. Breki ya maegesho imekamata na haiachii, kwa sababu breki zile hushikwa na springi na upepo ndio unaozifungua. Hakuna upepo, hakuna safari. Siku hiyo tulipanga kwenda Kisoro. Anayeijua ile barabara ya Kanaba, kona juu ya kona na bonde liko upande wako, atajua mwili wangu ulivyosisimka nilipowaza kwamba hitilafu hii ingeweza kutukuta huko kwenye mteremko.

Fundi alikuja kutoka Kabale mjini kwa boda, na spana yake ya mnyororo begani. Alifungua filta, akaitikisa karibu na sikio langu: inalia kama kayamba. Filta iliyo nzima hailii, punje zake hubanwa na springi humo ndani zisisuguane. Akaipindua, ukamwagika unga mweupe uliolowa mafuta. Unga huo ndio ulioshuka kwenye valvu ya chini ya draya ikashindwa kufunga, na upepo wote ukawa unaishia pale. Kisha akachukua msumari akaanza kukwangua ubavuni, taratibu, bila kusema neno. Chini ya ile rangi nyeusi kulikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Chini ya kijivu, kutu. Na pembeni kidogo, mabaki ya herufi zilizopigwa msasa. Mtu alikaa mahali akaiosha filta iliyokufa, akaisugua, akaipaka rangi, akaitia kwenye boksi. Hiyo ndiyo "mpya" yangu.

Fundi hakuridhika hapo. Alifungua paipu ya kompresa kuona kama inatema mafuta, akakuta iko sawa. Mafuta yale yalikuja na filta, kutoka kwenye gari la mtu mwingine. Filta nyingine ililetwa na basi kutoka Mbarara, na nailoni yake aliichana mbele ya macho yangu. Akasafisha valvu, akamwaga matangi. Tangu siku hiyo navuta kamba asubuhi na hakitoki kitu zaidi ya upepo mkavu. Yule fundi alifanya kazi ya watu watatu na hakutuongezea bei kwa kuwa tumekwama.

Nilirudi Kampala na ile filta mbovu kwenye mfuko. Safari nzima nilikuwa najituliza: pengine nao waliuziwa, pengine watabadilisha, yataisha. Nikaiweka mezani. Mwenye duka hakuinua macho kutoka kwenye simu. Akasema kompresa yangu ni mbovu. Nikamweleza paipu ilikaguliwa. Nikamwonyesha pale palipokwanguliwa. Ndipo akanitazama, akasema mbele ya wateja, "Mzee, upepo ni upepo. Wewe unabeba vitanda, hubebi simenti."

Vitanda! Juu ya vitanda hivyo wanalala wanangu.

Hapo mwanzo nilitaka kuandika kwamba duka lina mafundi wazuri ila bidhaa ichunguzwe. Sasa sisemi hivyo. Ustadi wote wa kijana wao wa kufunga hauwezi kufuta neno lile, wala hauwezi kufuta msasa uliopita juu ya zile herufi. Msinunue pale, hata balbu. Na popote mnaponunua, boksi lifunguliwe mkiwepo, nailoni ichanwe mkiwepo, na filta itikiswe kabla hamjatoa hata shilingi. Ikilia, iacheni.

Kijana yule simlaumu, nadhani alijua na alikuwa na njaa yake. Siku akifungua banda lake mwenyewe nitampelekea gari. Ile filta bado ninayo na kutu yake. Nafikiria kuipeleka UNBS, shirika la viwango la Uganda, maana kazi yao ni viwango, na hii ni breki.