Lenzi ya mtumba ya 50 mm f/1.8: kioo kizima, ugonjwa uko ndani

Niliinunua Kampala kwa shilingi 180,000. Niliikagua kama wengi tunavyokagua: nikamulika kioo kwa tochi ya simu, hakina ukungu wala mkwaruzo, nikapiga picha mbili tatu mle chumbani tundu la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa, yaani f/1.8. Safi. Nikalipa.

Aibu ilinikuta Mukono kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba, saa saba mchana, jua la utosi. Nimeweka f/8, tundu dogo, picha ya kwanza imeungua: gomesi (vazi la kike la Kiganda) ya njano ya senga, yaani shangazi, imekuwa nyeupe pe. Ya pili vilevile. Nikarudi f/1.8 na kasi ya 1/4000 ya sekunde, mambo yakatulia, nikamaliza kazi hivyo huku jasho likinitoka.

Fundi hakuhangaika hata na kioo. Aliigeuza nyuma, akasukuma kimkia cha chuma kwa ukucha, vibati saba vinavyobana na kupanua tundu vikafunguka. Alipokiachia, badala ya kujifunga pa! vilijikokota kama mlango wenye kutu. Ukivitazama, vinang'aa mafuta.

Kumbe kamera huliacha tundu wazi ili uone vizuri unapolenga. Ukifyatua, inakiachia kile kimkia, springi inavuta pete, na vibati vyote vinasogea katikati kwa pamoja kabla ya pazia la kamera kufunguka na kuingiza mwanga. Kila kimoja kina vipini viwili: kimoja kimetulia kwenye shimo lake, kingine kinateleza kwenye mfereji wa pete. Kwa f/1.8 uwazi ni kama milimita 28 (gawa 50 kwa 1.8); kwa f/8 ni 6 na ushee. Vikinata pale wazi, mwanga unaoingia ni karibu mara 20 ya ule kamera iliyoupigia hesabu. Ndiyo maana majaribio yangu ya chumbani hayakuonyesha kitu: kwenye f/1.8 vibati havina kazi.

Mafuta yenyewe hutoka kwenye grisi ya nyuzi za kulengea, zile zinazosogeza vioo unapozungusha lenzi. Joto likizidi, yanajitenga na kutambaa. Nikamuuliza fundi, si uongeze tone la oili viteleze? Akacheka. "Kijana wangu, hapa hapawekwi mafuta. Vinakimbia vikiwa vikavu." Akaviosha kwa spiriti kimoja kimoja, akanitoza 60,000.

Sasa ninaipenda, hasa kwa picha za sura. Ila ukiona kama yangu inauzwa, sukuma kile kimkia mara kumi kabla hujatoa hela. Na usiiache garini juani. Mimi ya kwangu inakaa mvunguni mwa kitanda.