Filamu za Zamani Kwenye Blu-ray na 4K: Ipi Ununue, Ipi Uache

Kwenye kava pameandikwa "4K". Pembeni yake, kwa maandishi ya dhahabu, "imekarabatiwa upya". Maneno hayo ndiyo yanayouza diski za filamu za zamani, na ndiyo yanayoficha swali lenye maana: picha hii ilitolewa kwenye utepe gani, na ilipofika kwenye kompyuta ilifanywa nini? Nimepanga machaguo matano kuanzia lile ninalolipendekeza zaidi, lakini kwanza tuelewane kuhusu chembechembe, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea.

Chembechembe si uchafu

Utepe wa filamu wa milimita 35 hauna pikseli. Picha yake imejengwa na chembe ndogo sana zilizotawanyika bila mpangilio, na mtawanyiko huo hubadilika katika kila fremu, mara 24 kwa sekunde. Ndiyo sababu anga katika filamu ya miaka ya 1960 huonekana kama linatetemeka. Mtu aliyezoea video za simu hudhani diski ni mbovu. Kumbe nywele, nyuzi za koti na mikunjo ya pembeni mwa macho vimechorwa kwa chembe hizohizo. Ukizifuta, umefuta na nywele.

Wapo waliozifuta. Filamu ya Patton ya mwaka 1970 ilipigwa kwa utepe mpana wa milimita 65, kwa hiyo ilikuwa na picha safi tangu mwanzo. Hata hivyo Blu-ray yake ya 2008 ilipitishwa kwenye programu ya kuondoa chembe mpaka nyuso zikawa kama za nta. Mwaka 2012 ikatolewa tena, na ngozi ikarudi kuwa ngozi. Filamu moja, aina moja ya diski, picha mbili tofauti kabisa.

Kufuta chembe huiacha picha ikiwa imefifia, basi hatua inayofuata huwa ni kuinoa kwa nguvu. Alama yake ni kijistari cheupe kinachozunguka paa, nguzo au kofia inayoonekana mbele ya anga. Ukikiona hicho, diski imechezewa.

Ukitaka kupima, tafuta uso uliopigwa kwa karibu kwenye mwanga wa mchana. Je, vinyweleo vinaonekana? Kisha acha picha iendelee na utazame ukuta ulio nyuma ya mtu anayetembea. Chembe zikiwa zimeganda ukutani huku yeye anasogea, programu imepita hapo. Usihukumu kwa picha iliyosimamishwa peke yake, kwa sababu fremu moja iliyoganda huonyesha chembe nyingi kuliko jicho linavyoziona filamu ikiwa inatembea. Usihukumu pia kwa majina ya mwanzoni wala pale tukio moja linapoyeyuka na kuingia lingine: zamani sehemu hizo zilitengenezwa kwa kunakili utepe mara nyingine, kwa hiyo hufifia hata kwenye diski nzuri kuliko zote.

1. Blu-ray ya kawaida iliyotoka kwenye skani mpya

Ndiyo, naiweka juu ya 4K, na najua wapo watakaobisha. Sababu ni kwamba faida kubwa zaidi ya picha hutoka kwenye skani, yaani kule kunakili utepe kwa mashine kwenda kwenye kompyuta, na Blu-ray yenye pikseli 1920 kwa 1080 huibeba sehemu kubwa ya faida hiyo kwa bei nafuu na kwa deki rahisi.

Tafuta maneno "negativu ya kamera". Huo ndio utepe uliokuwa ndani ya kamera siku ya kupiga picha. Kutoka hapo hutengenezwa nakala ya kati, kisha negativu ya pili, na mwisho nakala ya kupeleka sinema. Kila ngazi hula ukali wa picha na kuongeza chembe zake. Skani ya 4K (pikseli zipatazo 4,000 kwa upana) ya nakala ya sinema iliyochoka inaweza kushindwa na skani ya 2K (zipatazo 2,000) ya negativu yenyewe.

Lakini kuharibika kwa negativu si mwisho wa habari. Negativu za filamu tatu za Apu za mwongozaji wa India, Satyajit Ray, ziliungua London mwaka 1993. Mafundi wa Bologna, Italia, waliziokoa sehemu zilizosalia, mapengo yakajazwa kutoka nakala nyingine, na mwaka 2015 zikarudi kwenye skrini zikiwa katika hali nzuri kupindukia. Toleo linaloeleza wazi lilitumia utepe upi na wapi lilikwama, kwangu lina uzito kuliko nembo yoyote ya kavani.

2. Diski ya 4K

Hapa unapata pikseli 3840 kwa 2160, na diski kubwa kabisa hubeba gigabaiti 100, mara mbili ya Blu-ray ya kawaida ya tabaka mbili. Hata hivyo kwa filamu za zamani, tofauti inayoonekana kwa urahisi zaidi hutoka kwenye HDR, teknolojia inayopanua tofauti kati ya mwangaza na giza: mwali wa mshumaa, jua kwenye maji, maelezo ndani ya koti jeusi usiku. Ili uvione unahitaji runinga yenye uwezo huo wa mwangaza na weusi. Kwenye runinga ndogo iliyo ng'ambo ya chumba utalipia kitu usichokiona.

Inapanda hadi nafasi ya kwanza ikiwa filamu ilipigwa kwa utepe mpana. Lawrence of Arabia ya 1962 iliskaniwa kwa 8K, na kwenye skrini kubwa hoja yangu hapo juu inakufa palepale. Inashuka kabisa kwa filamu nyingi za miaka ya 2000 zilizokamilishwa kwa 2K kwenye kompyuta, maana pikseli za ziada zimekisiwa tu. Sehemu kubwa ya 28 Days Later ya 2002 ilipigwa kwa kamera ndogo za video, na hakuna diski itakayoongeza kile ambacho kamera haikukiona.

Angalia na deki yako. Deki ya 4K husoma Blu-ray, lakini ya Blu-ray haisomi diski za 4K. Blu-ray nyingi hufungwa zisichezwe nje ya eneo fulani la dunia, liitwalo A, B au C. Diski za 4K hazina kifungo hicho, jambo linalosaidia sana unapoagiza kutoka mbali.

3. Kutazama kwa intaneti

Chembechembe, kwa kuwa hazirudii mpangilio, ndizo ngumu kuliko vyote kubana. Picha ya 4K ya intaneti kwa kawaida hupewa megabiti 15 hadi 25 kwa sekunde, wakati Blu-ray inaweza kufika 40. Matokeo yake ni ukungu kugeuka vijisanduku na chembe kuwa uji. Nzuri kwa kuonja filamu kabla ya kuinunua.

4. Blu-ray za mwanzo, 2006 hadi 2010

Tazama mwaka wa diski, si wa filamu. Nyingi zilitoka kwenye skani zilizoandaliwa enzi za DVD, zikiwa zimenolewa na kufutwa chembe. Zipo nzuri, ila usinunue bila kusoma kama toleo jipya lipo.

5. DVD

Mistari 480 au 576 tu. Kwa filamu ambayo haijawahi kutoka vinginevyo, basi.

Rangi na umbo

Skani mpya si lazima iwe na rangi za kweli. Blu-ray ya The French Connection ya 2009 ilibadilishwa rangi kwa matakwa ya mwongozaji, na Owen Roizman, mpigapicha wake mkuu, akapinga hadharani. Mwaka 2012 likaja toleo lenye rangi zilizosahihishwa. Pima kwa shati jeupe na ngozi: vyote viwili vikiwa vimevamiwa na njano au bluu-kijani kutoka mwanzo hadi mwisho, kuna mtu aliyeamua hivyo juzi.

Umbo ni rahisi. Filamu nyingi za kabla ya 1953 zina uwiano wa 1.37 (upana kwa kimo), karibu mraba, kwa hiyo nafasi nyeusi kushoto na kulia ni haki yake. Ikijaza skrini yote, vichwa na miguu vimekatwa.

Na kabla hujairudisha diski, shika rimoti. Zima kile kipengele cha kulainisha mwendo kinachofanya kila filamu ifanane na tamthilia ya video, shusha ukali wa picha karibu na sifuri, zima kipunguza chembe, weka hali ya sinema. Niliwahi kulaani diski moja kwa wiki nzima. Kosa lilikuwa kwenye runinga yangu.